Istilahi za Elimu Jumuishi na Daftari la Shule

Maswali mengi yanayoletwa katika sehemu ya istilahi hutoka kwa wafasiri, nayo huhusu hati za Kiingereza ambazo hazina budi kutolewa kwa Kiswahili kabla ya tarehe fulani. Swali tunalolijadili katika makala haya halikutoka kwa mfasiri. Lilitoka kwa mwalimu wa shule ya msingi katika Halmashauri ya Mji wa Nanyamba, mkoani Mtwara, wala halikuhusu hati yoyote ya Kiingereza. Aliuliza hivi: je, mtindio wa ubongo na ulemavu wa akili ni kitu kimoja au ni vitu viwili? Na kama ni viwili, mbona orodha aliyoletewa ina safu moja tu?

Tulimjibu kwa barua. Baadaye, kwa kuwa kazi ya kukusanya maneno ilitupeleka Mtwara katika msimu wa korosho, tulifika shuleni kwake. Tuliyoyasikia huko yametukumbusha jambo ambalo sisi tunaoshinda na makabrasha tunalisahau upesi, ya kuwa istilahi ikishachapwa katika fomu hufanya kazi ya amri. Watu watakaoitii amri hiyo hawatakuwa na nafasi ya kutuuliza tulikuwa na maana gani.

Nanyamba iko juu ya uwanda wa Makonde, katika barabara itokayo Mtwara mjini kwenda Tandahimba na Newala. Ni nchi ya mikorosho na mihogo, yenye udongo wa kichanga. Upande wa kusini ardhi huteremka hadi bonde la mto Ruvuma, katika kata kama Kitaya, ambako watu hulima mpunga. Mtoto aliyemfanya mwalimu atuandikie ni msichana aliyekuwa na umri wa miaka tisa. Hutembea kwa taabu, mkono wake mmoja umekakamaa, na maneno humtoka polepole na kwa kukwama, hata mgeni asiyemzoea huhitaji muda kumwelewa. Alipoandikishwa, aliyejaza fomu alimweka katika safu ya "Mtindio wa ubongo". Katika hilo hakukosea, maana ndivyo mama wa mtoto alivyoambiwa na waganga. Lakini habari zile zilipohamishiwa katika orodha nyingine, safu hiyo ilikuwa na jina jingine, "Ulemavu wa akili", kwa kuwa aliyeitengeneza orodha hiyo alidhani majina haya mawili ni visawe. Kwa nguvu ya orodha ya pili ikaamuliwa kwamba mtoto ahamishiwe shule nyingine, mbali na kwao, yenye kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili.

Mama alipoelezwa alijibu kwa maneno machache: "Mwalimu, mwanangu hana wazimu. Huko simpeleki." Akamrudisha nyumbani, naye mtoto akakaa mwaka mzima akiokota korosho na bibi yake. Aliyemrejesha shuleni ni mwalimu huyu aliyetuandikia, ambaye alisomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Alikwenda kwao jioni moja akamkuta akihesabu korosho za bibi kwa mafungu ya kumi kumi, bila kukosea hata fungu moja.

Asili ya fomu zile hatukuitafuta. Karatasi za namna hiyo hunakiliwa mara nyingi, na kila anayenakili huongeza au hupunguza neno. Lililo letu ni kueleza maneno yenyewe.

Tuanze na maana. Hali ambayo waganga wengi, na wazazi wengi, huiita mtindio wa ubongo hutokana na kuumia kwa ubongo wa mtoto ungali unakua, iwe kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa uzazi, aliyezaliwa kabla ya siku zake, aliyepata manjano kali katika siku zake za kwanza, au aliyepona homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga, aweza kubaki na hali hiyo. Kinachoathirika kwanza ni mwendo, mkao na utiifu wa misuli: viungo hukakamaa au hulegea, na ulimi nao ni kiungo. Baadhi ya watoto hawa wana ulemavu wa akili pia, lakini wengi hawana. Ulemavu wa akili, kwa upande wake, ni hali inayoanza utotoni ambapo uwezo wa kufahamu mambo, kujifunza na kujimudu katika shughuli za kila siku uko chini sana kuliko ule wa wenzake wa rika moja. Mtoto mwenye hali hiyo aweza kabisa kuwa mkimbiaji hodari kuliko wote shuleni.

Ni dhahiri basi kwamba hivi ni vitu viwili. Kuchanganyikiwa kumetoka wapi? Jibu linahitaji kurudi nyuma kidogo. Zamani mtu wa namna hii ya pili aliitwa taahira, neno lenye asili ya Kiarabu na lenye ukoo mmoja na ahirisha. Maana yake ya awali ni kuchelewa. Lilianza kama neno la staha, likaishia kuwa tusi la uwanjani. Kiingereza nacho kilipita njia hiyohiyo: neno lake la kitaalamu lililokuwa na maana ya kuchelewa liligeuka matusi, hata Marekani ikaliondoa katika sheria zake za shirikisho mwaka 2010. Wenye kutafuta jina la heshima badala ya taahira wakalishika mtindio wa ubongo, na ndivyo lilivyoingia katika maandishi mengi ya elimu, likiwa na maana ya akili kutokukua. Wakati huohuo waganga wa viungo na vyama vya wazazi walikuwa wanalitumia neno hilohilo kwa mtoto ambaye ubongo wake umeumia na misuli haimtii. Nchini Kenya matumizi haya ya pili ndiyo yaliyoenea. Hapa kwetu yamebaki yote mawili, na gazeti moja laweza kulitumia neno kwa maana mbili katika juma moja.

Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyotolewa na Baraza tangu miaka ya 1970 vilikuwa na mpango rahisi, neno la Kiingereza kushoto na la Kiswahili kulia. Mpango huo ulitufaa sana, na hatupendi kuwabeza waliotutangulia. Hata hivyo orodha ya namna hiyo humwambia msomaji neno la kutumia, haimwambii neno hilo linaishia wapi. Kwa istilahi za vyombo vya ufundi hasara yake ni ndogo, maana anayeshika bisibisi anaiona. Kwa istilahi za hali za watoto, mpaka wa neno ndio wenye kazi yote.

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba mtindio wa ubongo libaki kuwa jina la ile hali ya kwanza tu, yaani hitilafu ya mwendo na mkao itokanayo na kuumia kwa ubongo unaokua, na lisitumike tena kwa habari ya akili. Wako waliotaka tulitupe kabisa, tuseme kupooza ubongo, ambayo ni tafsiri ya neno kwa neno. Hatukubaliani nao. Kinachopooza ni viungo. Tena watu wazima wa nchi hii wakisikia ugonjwa wa kupooza hukumbuka polio. Kwa ile hali ya pili tunapendekeza kuendelea na ulemavu wa akili, ambalo limekwisha kuzoeleka katika takwimu za elimu na katika vyama vya wazazi.

Lakini jibu la mama wa Nanyamba haliturudishi nyuma bila kutuachia funzo. Yeye alisikia "akili" akaelewa wazimu, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku mgonjwa wa akili ndiye mwenye wazimu. Ugonjwa wa akili huweza kumpata mtu wa umri wowote, tena hutibiwa. Ulemavu wa akili si ugonjwa. Tofauti hiyo iko wazi katika kitabu na haiko wazi mlangoni kwa mtu, hasa pale ambapo mazungumzo huanza kwa Kimakonde na kuingia Kiswahili katikati. Tulifikiria ulemavu wa ufahamu. Tumeliacha kwa sasa, kwa kuwa tukiongeza jina la tatu katika fomu ambazo hazijamaliza kugombana na mawili, tutakuwa tumemwongezea mwalimu mzigo. Tunachomwomba mwalimu ni kwamba asimsomee mzazi istilahi. Istilahi ni ya daftari. Mzazi aambiwe kwamba mtoto wake hujifunza polepole kuliko wenzake, au kwamba akili yake ni nzima ila viungo havimtii, na aambiwe hivyo kabla hajasikia jina la shule yoyote.

Kosa la aina hii haliko katika safu moja tu. Mtoto mwenye uoni hafifu, na wengi wenye ualbino wamo humo, akiandikwa "asiyeona" hupelekwa kufundishwa nukta nundu. Naye huzisoma zile nukta kwa macho, akiinama juu ya karatasi, wakati ambapo maandishi makubwa na kiti cha mbele, mbali na mwanga mkali wa dirisha, vingemtosha. Vivyo hivyo mwenye usikivu hafifu na kiziwi si mmoja. Wa kwanza aweza kufaidika na shimesikio na kukaa karibu na mwalimu. Wa pili anahitaji Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo ni lugha kamili yenye sarufi yake, na walimu wanaoijua.

Hapa tuseme neno juu ya ngeli, maana wasomaji hutuuliza mara kwa mara. Majina mengi ya kale ya hali hizi yako katika KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibyongo. Wako wanaodai kwamba umbo lenyewe ni dharau, kwa kuwa kiambishi ki- hudunisha. Tunadhani hoja hiyo inavutwa mno. Kijana na kiongozi wamo katika umbo hilohilo na hawajalalamika, na upatanisho wa majina haya yote ni wa watu: kiziwi anasoma, viziwi wanasoma. Lililo kweli ni kwamba jina kama kilema humfanya mtu mzima awe kilema chake, na ndiyo maana tumetoka kilema tukaenda mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu, kama lilivyo jina la Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Lakini viziwi wenyewe wameendelea kujiita viziwi, na chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania. Wasioona nao hawakupenda kipofu, wakajiita wasioona. Kanuni yetu katika jambo hili ni kumwuliza mwenyewe. Mfasiri anayembadilishia kiziwi jina kwa kumhurumia anafanya utovu wa adabu.

Sasa tuje kwenye elimu yenyewe na jina lake. Ukitaka kujua historia ya fikra katika jambo hili, soma majina ya shule. Shule ya kwanza ya wasioona nchini ilifunguliwa Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Hizo ni za kundi moja moja, na jina kama Buguruni Viziwi bado linaonyesha fikra hiyo. Kisha tunakuta Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam na Mugeza Mseto huko Bukoba, ambazo majina yao yanatangaza kwamba wenye ulemavu na wasio na ulemavu wamewekwa pamoja. Kisha kuna Sinza Maalumu na nyingine za jina hilo. Hatujakutana na shule iliyopewa jina la Jumuishi, na tunatumaini hatutakutana nayo. Fikra ya neno hilo ni kwamba kila shule iwe hivyo.

Je, mseto na jumuishi vina tofauti gani? Wengi huvitumia kama kitu kimoja, wala hatuwalaumu, maana kamusi haziwasaidii. Mkulima wa Nanyamba ataielewa tofauti hiyo upesi kuliko ofisa. Yeye hupanda muhogo kati ya mikorosho michanga, na hicho ni kilimo cha mseto. Mikorosho ikikua na kutandaza matawi, muhogo hukosa jua. Hakuna aliyeung'oa, bado umo shambani, na ukihesabu mimea utauhesabu; lakini hauzai. Mseto hutuambia nani yumo ndani ya shamba. Hautuambii nani anapata jua. Elimu mseto ni ile ambayo mtoto mwenye ulemavu huingizwa katika shule ya kawaida ilivyo, naye ajitahidi kuifuata. Elimu jumuishi ni ile ambayo shule yenyewe hubadilika, katika majengo, katika mbinu za kufundishia, katika upimaji na katika tabia za watu, ili mtoto huyo ajifunze. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ilitoa maelezo mwaka 2016 ikitofautisha hatua nne: kunyimwa elimu kabisa, kutengwa katika shule za peke yao, kuchanganywa bila shule kubadilika, na kujumuishwa. Kwa Kiswahili tunaweza kuzitaja zote nne bila taabu, mradi tusiyaache mseto na jumuishi yaingiliane. Kwa hatua ya tatu wengine wamependekeza mtangamano, lakini neno hilo Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kulishika kwa kazi nyingine, na si vizuri kumpokonya mtu jembe akiwa shambani.

Neno jumuishi limeundwa kwa kitenzi jumuisha kama shirikishi lilivyoundwa kwa shirikisha, na katika Tanzania Bara ndilo lililotumika katika mikakati ya taifa ya elimu jumuishi tangu ule wa mwaka 2009. Ndugu zetu wa Zanzibar husema elimu mjumuisho. Maumbo yote mawili ni sahihi kisarufi. Tunapendelea jumuishi kwa sababu moja tu, kwamba huambatana na nomino nyingi bila kusumbua: shule jumuishi, mtaala jumuishi, michezo jumuishi. Pande zote mbili, Bara na Visiwani, hushirikiana katika kasoro moja ambayo hatuwezi kuipita kimya: huduma hizi huwekwa chini ya kitu kiitwacho kitengo, na kitengo ni mtoto wa kitenzi tenga. Maana ya kiofisi imekwisha kujitegemea, na hatupendekezi kuibadili. Lakini mwalimu mkuu anaposema "yule ni wa kitengo", hutamka neno kwa maana yake ya asili.

Neno gumu zaidi kuliko yote ni lile la msaada. Fasiri ya haraka ya huduma anazopewa mwanafunzi mwenye ulemavu ni "msaada", na neno hilo halina kosa la lugha. Lina mazoea mabaya. Msaada hutolewa na mwenye nacho, hupokewa kwa shukrani, na mara nyingi kuna mpiga picha. Kiti mwendo kikiletwa Nanyamba kama msaada, hakuna anayeuliza kama magurudumu yake membamba yatapita katika mchanga ulio kati ya nyumba na shule. Na asiyeuliza hawezi kulaumiwa, kwa kuwa zawadi haikaguliwi. Mwalimu wetu alituonyesha kimoja kimeegemezwa ukutani. Kikiandikwa kuwa ni huduma ambayo mtoto anastahili, mtu fulani ofisini atalazimika kujibu swali la magurudumu. Kwa sababu hiyo tunapendekeza usaidizi kwa huduma yenyewe, na vifaa saidizi na teknolojia saidizi kwa zana zake, kama ambavyo wizara zimekwisha kuanza kutumia. Msaada tuwaachie wafadhili.

Dhana inayofuata imewatesa wafasiri wengi. Ni ile ya mabadiliko anayofanyiwa mtu mmoja ili aweze kushiriki sawa na wenzake, ambayo kwa Kiingereza hutajwa kwa neno lilelile linalotumika hotelini kwa habari ya vyumba vya kulala. Mfasiri mmoja, rafiki yetu ambaye hatumtaji, aliandika kwa haraka "malazi ya kuridhisha", na msomaji wa tafsiri hiyo akauliza mabweni yatajengwa lini. Tunacheka, lakini tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria, kazi ya kuzifasiri sheria zetu imekuwa kubwa, na kosa kama hilo likiingia katika sheria haliondoki kwa kicheko. Tunapendekeza marekebisho stahiki. Neno stahiki linafaa kwa namna mbili: hudokeza kwamba mabadiliko yawe yenye kulingana na haja, na hudokeza kwamba mtu anayastahili. Mkataba tuliokwisha kuutaja unasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho hayo, pale ambapo hayamwelemei kupita kiasi anayetakiwa kuyafanya, ni ubaguzi.

Yasichanganywe na ufikivu. Ufikivu ni wa watu wote na hufanywa kabla hajafika yeyote: mlango wa choo uwe mpana, pawe na mteremko wa saruji badala ya ngazi. Marekebisho stahiki ni ya mtu fulani na hufanywa alipo. Yule msichana wa Nanyamba hukalishwa karibu na mlango, huruhusiwa kujibu kwa mdomo baadhi ya maswali ambayo wenzake huandika, na hupewa muda zaidi katika majaribio. Hayo hayakugharimu hata shilingi moja. Baraza la Mitihani la Tanzania nalo hufanya mambo ya namna hiyo linapotoa mitihani kwa nukta nundu na kwa maandishi yaliyokuzwa, na kuwaongezea muda watahiniwa wanaohusika.

Juu ya ule mpango ambao mwalimu huuandika kwa ajili ya mwanafunzi mmoja, akieleza malengo yake na namna ya kuyafikia, tumekuta mpango wa elimu binafsi. Lisitumike. Shule binafsi ni shule isiyo ya serikali, na mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake atawekwa katika mpango wa elimu binafsi atauliza karo ni kiasi gani. Mpango mahususi wa mwanafunzi hutosha.

Majina ya vifaa hayana ugomvi mkubwa. Nukta nundu ni mojawapo ya istilahi nzuri kabisa zilizopata kuundwa katika lugha hii. Hata mtoto hulielewa mara anapopitisha kidole juu ya karatasi, na hatuoni sababu ya kurudi kwenye breli. Fimbo nyeupe na mkalimani wa lugha ya alama yamekwisha kukaa. Kiti mwendo limelishinda kiti cha magurudumu kwa ufupi wake. Shimesikio halijaenea sana, lakini ni neno lenye uhai, sikio linapigiwa shime. Tunawasihi walimu walitumie.

Limebaki jambo moja ambalo hatukupata jibu lake. Katika darasa la yule msichana kuna mwanamke kijana wa kijijini, si mwalimu aliyeajiriwa, ambaye huja kila siku kumsaidia kufika chooni, kumshikia daftari lisiteleze, na kuwarudilia wengine maneno yake yanapokwama. Kazi hiyo inaanza kuonekana katika shule nyingi, na itakapoingizwa katika orodha za watumishi itahitaji jina. Mwalimu msaidizi halifai, maana yeye si mwalimu. Mwalimu saidizi lingemfanya awe kifaa. Mlezi limechukuliwa na walezi wa mabweni na wa skauti. Watoto wa darasa lile humwita dada, na mama wa yule msichana humwita mwenzetu. Wasomaji waliosikia jina jingine, hasa katika shule za Lindi na Mtwara, au Visiwani, au Kenya, wanaombwa watuletee pamoja na maelezo ya mahali walipolisikia na watu wanaolitumia, ili liwekwe mbele ya kamati pamoja na mapendekezo haya.